Simu Haipigi Hodi



Katika Suratu-Nnur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba watumishi wa nyumba na watoto ambao hawajabaleghe watake idhini kabla ya kuwaingilia wakubwa vyumbani mwao katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo kwa ajili ya kupumzika, na baada ya sala ya Isha. Na kabla ya hapo, katika aya ya 27 ya sura hiyo hiyo, walioamini wamekatazwa kuingia nyumba isiyokuwa yao mpaka watake ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Basi ikiwa mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba amewekewa mpaka katika nyumba ya baba yake mwenyewe, sembuse mgeni?

Sasa itazame simu. Yule mtoto aliyefunzwa kupiga hodi kwa baba yake amelala chini ya blanketi baada ya Isha, na mkononi mwake mna mlango ulio wazi. Mtu asiyejulikana jina lake, wala umri wake, wala nchi yake, huingia kwa mlango huo bila ya hodi wala salamu, akaketi kichwani pa kitanda, akazungumza na mtoto mpaka saa saba za usiku, kisha akaondoka, na baba aliyelala chumba cha pili hana khabari. Wakati ule ule ambao Qur'ani imeufunga, mtoto asimwone mzazi wake, sisi tumeufungua kwa dunia nzima imwone mtoto wetu.

Watu wa mji huu wa Nairobi si watu wa kulala milango wazi. Huko Lavington na Kileleshwa nyumba ina ukuta, na juu ya ukuta pana waya wa umeme, na langoni yuko askari aandikaye jina la mgeni na namba ya kitambulisho chake. Kawangware na Kangemi hakuna waya wala askari, lakini wapo majirani, na mgeni akipita uchochoroni mara mbili huulizwa amtafuta nani. Kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake amejenga boma. Lakini bando la shilingi chache lapita juu ya waya wa Lavington na lapita mbele ya macho ya majirani wa Kawangware, na halimwandiki mtu jina. Katika jambo hili tajiri na maskini wamekuwa sawa, na pengine tajiri yu katika khatari zaidi, kwani mtoto wake ana chumba chake peke yake na ufunguo wake.

Hatusemi kwamba simu ni haramu, wala hatutaki kusikia kwamba kuna mtu aliyeyasoma maneno yetu haya akaitoa fatwa hiyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipoanza kutoa Sahifa yake Mombasa mwaka 1930, alikitumia kinu cha chapa kuwafikishia watu mambo ya dini yao, wala hakukiacha kwa sababu wengine walikichapia upuuzi. Isitoshe, simu iliingia katika nyumba nyingi kwa haja iliyo wazi. Shule za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, wala wanafunzi wote wasirejee mpaka Januari 2021, masomo yaliletwa kwa WhatsApp. Mzazi akampa mtoto simu yake, au akaenda Luthuli Avenue akamnunulia. Shule zikafunguliwa, simu haikurudishwa. Hakuna baraza iliyokaa nyumbani kuamua kwamba mtoto wa miaka kumi awe na intaneti usiku na mchana. Jambo lilijiingiza lenyewe, na sisi tukalizoea, na mazoea yana taabu.

Na khatari yenyewe si hadithi ya kuwatisha watu. Uchunguzi uliofanywa hapa Kenya na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ukachapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba watoto 67 katika kila 100 wa umri wa miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti. Na miongoni mwa hao wanaotumia, baina ya 5 na 13 katika kila 100 walikuwa wamepatwa na udhalilishaji ulio wazi katika muda wa mwaka mmoja tu: kutishwa, au kushawishiwa kwa fedha na zawadi, au picha zao za siri kutawanywa bila ya idhini yao. Haya, lifanyeni hesabu darasa lenu la madrasa. Wakiwemo ndani yake watoto 40 wa umri huo watumiao simu, basi ni watoto wawili mpaka watano, na mwalimu anawaona kila siku, wala hawajui ni wepi.

Njia ya mwindaji ni moja, ijapokuwa mavazi yake ni mengi. Humjia mtoto katika mchezo wa simu au chini ya picha aliyoiweka, akajifanya kuwa naye ni mtoto, wa darasa lile lile au lililo karibu. Humsifu. Husikiliza malalamiko yake juu ya nyumbani, na hapa ndipo apatapo mizizi, kwa sababu mtoto huyo hana mwingine wa kumsikiliza. Kisha humtoa pale penye watu wengi akampeleka penye faragha, WhatsApp au Telegram, na humwambia iwe siri yao wawili. Kisha huomba picha. Kwanza ya uso, halafu nyingine. Ikisha patikana ile ya aibu, ule urafiki hufa saa hiyo hiyo na vitisho huanza: leta nyingine, au leta fedha kwa M-Pesa, ama si hivyo picha yatumwa kwa baba yako, kwa walimu wako, kwa jamaa zako wote, na majina yao haya hapa. Wavulana hupatwa na haya kama wasichana, na adhaniaye kwamba ana watoto wa kiume tu kwa hivyo yu salama, hajui alipo.

Kuna na njia nyingine ambayo haina hata haja ya kujificha. Mwezi wa Machi 2025 shirika la habari la BBC lilieleza jinsi vijana wa Kenya, na baadhi yao wakianza hali ya kuwa bado watoto, walivyojionyesha katika matangazo ya moja kwa moja ya TikTok, na watazamaji wakawarushia vijipicha vya zawadi vigeukavyo kuwa fedha, na kampuni yenyewe ikakata fungu lake. Katika nyumba ambayo kodi haijalipwa, mtoto aletaye fedha haulizwi sana alikozitoa. Hilo nalo litazamwe. Baba amwonaye binti yake ana simu mpya asiyoinunua yeye, naye akanyamaza, kunyamaza kwake kuna jina, na jina hilo alitafute mwenyewe.

Wengine hutegemea kwamba kampuni hizi zina walinzi wao. Wanao kweli, na baadhi yao walikuwa hapa hapa Nairobi. Mwaka 2022 gazeti la TIME la Marekani lilieleza khabari za vijana walioketi katika mji huu wakiyatazama machafu ya Facebook kutwa kucha ili yaondolewe, na wakapata maradhi ya nafsi kwa kuyatazama, na mashauri yao yakafikishwa mahakamani. Ikiwa watu wazima, walioajiriwa kwa kazi hiyo, yaliwavunja, basi mtoto wako aliye peke yake atakuwaje? Na ni dhahiri kwamba machafu hayakwisha.

Kampuni za Facebook, Instagram na TikTok zimeweka sharti kwamba mtoto wa chini ya miaka 13 asifungue daftari kwao. Sharti hili huvunjwa kwa kuandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa, na mara nyingi, ewe msomaji, mwenye kuuandika ni mama au baba, ili mtoto aache kulia. Basi mtoto huingia mlango huo kwa uongo aliofunzwa na mzazi wake, kisha tunastaajabu akitudanganya. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 sheria yao inazilazimisha kampuni kuwazuia walio chini ya miaka 16. Hapa Kenya, Halmashauri ya Mawasiliano, yenye afisi zake Waiyaki Way, ilitoa miongozo kwa kampuni mwaka 2025. Ni jambo jema. Lakini hakuna afisa wa Waiyaki Way atakayekuja kuichukua simu chini ya mto wa mtoto wako baada ya Isha.

Kadhalika kuna shari ambayo twaiandaa kwa mikono yetu. Mtoto akihitimu juzuu, picha yake yawekwa. Akivaa sare mpya ya shule, yawekwa, na jina la shule limeshonwa kifuani. Akizaliwa, akioga, akiugua, yote yawekwa kwa watu mia tano ambao nusu yao mama hawajui. Wapo wanaokataa picha hizi kwa kuogopa jicho. Sisi twasema: muogopeni kwanza mwenye macho mawili, ajuaye sasa jina la mtoto, na uso wake, na shule yake, na saa atokapo. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya huko Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019. Walimu wa madrasa wanaochukua picha za wanafunzi kwa ajili ya kuwaonyesha wafadhili na waijue khabari hii, kwani sheria haikuitoa madrasa.

Lakini tuliloliandikia makala haya khasa ni jambo jingine, nalo ni la ndani zaidi. Ni lile litendekalo mtoto akisha patwa.

Mtoto amebadilika. Halali, hali, hataki kwenda shule, akisikia simu yalia hushtuka. Nyumba nyingi zetu hufanyaje? Wengine husema ni jini. Hupelekwa kwa mwenye kupiga bao, ikachinjwa kuku, akavishwa hirizi shingoni, akafukizwa. Na yule mwenye kumtisha yu ndani ya mfuko wa mtoto huyo huyo, akimwandikia kila baada ya nusu saa huku moshi wa ubani ukimwingia machoni. Fedha ziliokwenda kwa mganga na muda uliopotea vyote vimemfaa adui. Wengine hawaendi kwa mganga. Wao huchukua mshipi. Mtoto amejikaza, amekuja kusema, na neno la kwanza analolipata ni kofi. Basi mwindaji alikuwa mkweli kwake katika jambo moja: alimwambia, "Ukiwaambia wazazi wako watakuua," na sasa mtoto ameyaona kwa macho yake. Hatasema tena mara ya pili.

Na tuutazame mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama khabari ya kijana aliyemwendea Mtume mbele ya watu akamtaka ruhusa ya kuzini. Masahaba walimkemea. Mtume alimwita akaribie, akamketisha, akamwuliza kama angeridhia jambo hilo afanyiwe mama yake, au binti yake, au dada yake, au shangazi yake, au khalati yake, na kila mara kijana akajibu hapana. Kisha akauweka mkono wake juu yake akamwombea. Huyu alikuwa amekuja kuomba ruhusa ya dhambi kubwa, wala hakufukuzwa. Mtoto wako hakuomba ruhusa ya kitu. Yeye amedanganywa na mtu mzima, naye ndiye aliyedhulumiwa. Ni kwa sharia gani apigwe?

Kisha liko neno hili la sitara, ambalo limetumiwa pasipokuwa mahali pake. Ni kweli dini yetu imesifu kumsitiri Mwislamu aibu yake. Lakini hayo ni kwa mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake, si kwa mwenye kuwala watoto wa watu mmoja baada ya mmoja. Ukimsitiri huyu leo, kesho yuko kwa mtoto wa jirani yako, nawe umeshiriki. Na jambo hili huwa zito zaidi anapojulikana. Kwani si kila mwindaji ni mgeni wa mbali. Aweza kuwa binamu, au rafiki wa kaka, au mpangaji wa ua ule ule. Na twasema bila ya kuuma meno, aweza kuwa ni mtu afundishaye watoto Qur'ani. Hapo ndipo wazee hukutana usiku, wakanywa kahawa, wakapatana fidia, yule mtu akahamishwa kutoka mtaa huu akapelekwa mtaa mwingine, na kilemba chake kichwani. Patano hilo si sulhu. Hakuna aliye na haki ya kusamehe kwa niaba ya mtoto ambaye hakuulizwa, wala kwa niaba ya watoto wa mtaa wa pili ambao bado hawajajulikana majina.

Sheria ya nchi nayo haina kigugumizi. Sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018 yamweka mwenye kutengeneza, kutangaza au kuhifadhi picha chafu za watoto katika khatari ya kifungo kisichozidi miaka 25, au faini isiyozidi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo imeutaja udhalilishaji wa mtoto kwa njia ya mtandao.

Katika darsa yetu huulizwa: je, mzazi akiifungua simu ya mtoto wake si ni kupeleleza, na upelelezi umekatazwa katika Suratul-Hujurat? Jawabu letu ni hili. Mtoto wa miaka tisa hana faragha na mlezi wake katika jambo ambalo hana akili ya kulipima. Simu yake ni simu ya mzazi iliyoazimwa, na aambiwe hivyo siku ya kwanza. Kijana wa miaka 16 ni jambo jingine. Huyo na apewe masharti waziwazi kabla ya kupewa simu, ajue ni lini itatazamwa na kwa sababu gani. Ama kumwibia simu akilala na kusoma kila neno aliloandikiana na rafiki zake, hilo humfunza kitu kimoja tu, kuwa na simu ya pili. Tumesikia yanayosemwa dhidi ya rai hii, kwamba ni ulegevu, lakini hatujaona nyumba iliyosalimika kwa ujasusi.

Zile nyakati tatu twaziona zatosha kuwa kanuni ya nyumba. Baada ya Isha simu zote, na ya baba imo, zilale sebuleni kwenye chaji, wala zisichukuliwe mpaka Alfajiri ishe kusaliwa; na mchana mtoto akiingia chumbani kupumzika au kubadili nguo, simu ibaki nje. Mtoto wa shule ya msingi anayehitaji kupigiwa tu, simu ya kabambe yamtosha. Mwenye simu kubwa, mzazi aweza kuifungia kwa programu ya Google iitwayo Family Link, ambayo haina malipo, akaamua ni programu zipi ziingie na ni saa ngapi izime. Haya ni mambo ya dakika ishirini. Baba akisema hajui mambo ya simu, na yeye ajua kuitumia kutazama mpira kila Jumamosi, udhuru wake haukubaliwi.

Luqman, kama ilivyosimuliwa katika sura yenye jina lake, kila alipomwita mwanawe alimwita kwa tamko la mapenzi, na kwa Kiarabu ni tamko la udogo, kama vile sisi kusema "kijanangu". Mawaidha yake yalikuwa makali, lakini mwito wake ulikuwa mpole. Mtoto aitwaye hivyo kwao hahitaji kwenda kuitwa hivyo na mtu asiyemjua.

Na yakisha tokea, mzazi afanye hivi. Amwambie mtoto kwamba kosa si lake, kisha anyamaze amsikilize. Asilipe hata shilingi moja, kwa sababu mwenye kulipwa hurudi. Asifute kitu: maneno, namba ya simu, jina la daftari, tarehe, vyote ni ushahidi. Wala asiitume ile picha kwa wajomba na mashangazi ili "waone wenyewe", kwani kuitawanya picha chafu ya mtoto ni kosa hata kwa mzazi. Apige 116, namba ya kuwasaidia watoto, usiku au mchana, haina malipo, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Kisha apeleke shauri polisi, na Idara ya Upelelezi wa Jinai ina kitengo chake makhsusi cha kuwalinda watoto. Kwa kuizuia picha isienee, iko huduma ya bure itokayo Marekani tangu mwaka 2023, iitwayo Take It Down, kwa ajili ya walio chini ya miaka 18 pichani. Picha yenyewe haipelekwi popote. Hufanyiwa alama ya tarakimu mle mle simuni, na alama hiyo hupewa kampuni kama Facebook, Instagram na TikTok ili ziitambue picha na kuiondoa. Haifanyi kazi katika mazungumzo ya faragha ya WhatsApp, na ni vyema mzazi alijue hilo mapema asije akavunjika moyo.

Simu isichukuliwe kwa adhabu, ila kwa ushahidi, na mtoto aelezwe tofauti hiyo. Siku ya pili aende shule, na jioni aende madrasa kama kawaida yake, na mwalimu aambiwe yale tu ambayo hana budi kuyajua.